Namna ya Kuchagua Kapita wa Nyumba ya Mboga

Enyi wenye mashamba wa vijiji vilivyo karibu na mashimo ya shaba, maneno haya ni yenu, na zaidi ni yenu ninyi mliokusanya feza katika chama ili mjenge nyumba ya mboga.

Nyumba ya mboga ni nini? Ni miti au vyuma vilivyosimamishwa, juu yake plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, na kandokando wavu na plastiki nyingine ya kukunja na kukunjua. Watu wanaijenga kwa sababu moja kubwa. Wakati wa masika, tangu mwezi wa kumi na moja hata mwezi wa tatu, mvua inapiga majani ya tomati shambani, majani yanaungua kwa ugonjwa, matunda yanaoza. Siku hizo tomati zinakuwa chache katika soko la Lubumbashi, la Likasi na la Kolwezi, na bei inapanda. Mwenye plastiki juu ya tomati zake anavuna wakati wengine wanalia.

Basi watu wanafikiri: tukinunua plastiki, kazi imekwisha. Sivyo. Shambani mmea unasaidiwa na wengi. Mvua inaunywesha, upepo unaupoza, nyuki na upepo vinatikisa maua yake yapate kuzaa. Ndani ya nyumba hakuna mvua. Ukifunga kando hakuna upepo. Wavu ukiwa mzuri, nyuki haingii. Basi nani atafanya kazi ya mvua, na ya upepo, na ya nyuki? Ni mtu mmoja, yule mliyempa ufunguo. Yeye ndiye ninayemwita kapita wa nyumba ya mboga. Mkimkosea yeye, plastiki yenu ni feza iliyotupwa.

Nitawaambia jambo lililonipata mimi mwenyewe, ijapokuwa linanipa haya. Katika kijiji tunachokaa, chama chetu kilijenga nyumba ya mita 8 kwa mita 15. Wajane walitoa feza zao, na wazee waliopata malipo ya mwisho ya kazi ya mgodi walitoa zao. Walipotafuta kapita, waliniketisha pamoja nao kwa sababu mimi ni moniteri. Watu watatu walikuja. Wa kwanza kijana aliyemaliza shule, anayesema Kifaransa vizuri na kuandika barua safi. Wa pili dereva wa zamani. Wa tatu mama mmoja anayelima mchicha na kitunguu bondeni penye maji, asiyejua kuandika ila tarakimu na jina lake. Mimi nilisema: tumchukue kijana wa barua. Wazee wakanisikiliza, wakidhani moniteri anajua.

Kijana hakuwa mwizi wala mlevi. Alipanda vizuri, mistari yake ilinyooka kama ya shule. Lakini Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, jua likiwa kali, alikwenda mjini kwenye arusi. Aliogopa mbuzi wa kijiji, kwa hiyo akashusha plastiki za kando zote, akafunga mlango, akaweka ufunguo katika mfuko wake. Alirudi Jumapili jioni. Nani alijua kwamba nyumba iliyofungwa, chini ya jua lile, inapita digri 40? Tulijua sote, hata yeye alijua, nilimfundisha mimi. Maua yote yalianguka, vichwa vya mimea vilikauka kama majani yaliyopitishwa motoni. Mmea wa tomati unaanza kuangusha maua joto likipita digri 32 au 35. Mjane mmoja alisimama mlangoni, akaniuliza, «Mwanangu, feza yangu iko wapi?» Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile ninawauliza watu kwa njia nyingine, na njia hiyo ndiyo ninayotaka kuwapa.

Msianze na barua wala na shahada. Mpelekeni mtu bustanini, pale penye tomati au bilinganya, hata za jirani, mkae kimya mkitazama mikono yake na macho yake. Je, anapita katikati ya mistari kama mtu anayekwenda sokoni, au anainama? Je, anageuza jani atazame chini yake? Wadudu weupe wadogo, wanaoruka kama majivu ukigusa mmea, wanakaa chini ya jani, na ndio wanaoleta ugonjwa wa kukunja majani. Mtu anayetazama juu ya jani peke yake atawaona siku wamekuwa elfu. Mimi nikimwona mtu anageuza jani bila kuambiwa, nusu ya maulizo yangu imekwisha.

Kisha mwulizeni: «Saa sita umekuta mmea mmoja umelegea, mingine imesimama. Utafanya nini?» Wengi watajibu upesi, «Nitamwagia maji.» Jibu hilo ni baya, ijapokuwa linapendeza. Mtu mwema atasema kwanza, «Nitaingiza kidole katika udongo.» Udongo ukiwa mkavu, haya, maji. Lakini udongo ukiwa na maji, na mmea unalegea mchana, jioni unainuka kidogo, na majani yangali mabichi, huo ni ugonjwa unaokaa katika udongo. Kata kipande cha shina karibu na mzizi, kitie wima katika glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka shinani, ndio wenyewe. Mmea ung'olewe pamoja na mizizi, uchomwe moto, na kisu kisafishwe kabla ya kugusa mwingine. Mahali pale pasipandwe tomati, wala bilinganya, wala pilipili, wala viazi vya Ulaya, maana yote ni ya jamaa moja na ugonjwa unaipata yote. Kapita anayemwaga maji juu ya ugonjwa huo anaupeleka kwa mstari wote. Si lazima mtu ajue habari ya glasi siku ya kwanza, hilo tutamfundisha. Lazima awe mtu wa kuingiza kidole kabla ya kusema.

Hesabu pia ni lazima, lakini hesabu ya kazi. Mpeni hii. Nyumba yetu ina mimea 300. Wakati wa joto mmea mkubwa unaweza kunywa litre moja na nusu kwa siku. Bidoni moja ni litre 20. Bidoni ngapi kwa siku? Ni litre 450, yaani bidoni 22 na nusu. Akiisha kupata hesabu, mwulizeni: «Zitatoka wapi, na nani atazibeba?» Hapo mtajua kama anafikiri. Yule mama wa bondeni alihesabu kwa vijiti chini, akanyamaza, halafu akasema, «Kisima chenu mwezi wa kumi hakitoi hizo. Chimbeni zaidi kabla ya kupanda, ama pandeni nusu.» Alikuwa na haki. Na tulikuwa tumekwisha kumkataa!

Neno la maji linataka uangalifu zaidi katika nchi yetu. Kiwanda cha shaba cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha mwaka 1911, na moshi wake wa miaka mingi uliacha shaba na risasi katika udongo wa upande upepo unakovuma. Mito mingine inapokea maji machafu ya kuoshea mawe. Kapita anayesema «maji ni maji» asipewe ufunguo. Achote juu ya mahali maji ya mgodi yanapoingilia, au kisimani, na kama kuna mashaka chama kiombe agronomu apime. Mboga za majani, kama sombe na matembele, zioshwe vumbi kwa maji safi kabla ya kwenda sokoni. Watoto wetu wanakula hizo hizo.

Jambo lingine ni sigara. Mtaniona mkali. Lakini tumbako ina ugonjwa wake wa majani, na ugonjwa huo unapita katika vidole vya mvutaji mpaka katika tomati anapovunja vichipukizi. Simkatazi mtu kuvuta kwake nyumbani. Ndani ya nyumba ya mboga hapana, na kabla ya kuingia aoshe mikono kwa sabuni. Akicheka mkimwambia hivyo, mwachieni aende na kicheko chake.

Sasa tufike kwenye jambo linalovunja vyama vingi zaidi kuliko wadudu. Tunakaa karibu na mashimo. Bei ya shaba na kobalti ikipanda, vijana wanachukua sururu na mifuko, wanakwenda kuchimba. Mtu anaweza kupata kule kwa siku chache feza ya mwezi mzima wa bustani, na mwingine asipate kitu, na mwingine akazikwa na udongo. Sitaki kuwahukumu. Lakini tomati haingoji. Kapita akiondoka Jumatatu wakati wa mavuno, Alhamisi mmepoteza nyingi. Kwa hiyo mwulizeni mtu bila kumficha: «Ukisikia mashimo mapya yamefunguliwa, utafanya nini?» Anayeapa kwamba hatakwenda kamwe, mimi simwamini sana. Afadhali yule anayesema, «Nikitaka kuondoka nitawaambia mwezi mmoja mbele, na nitamfundisha mwingine.» Na tangu siku ya kwanza wekeni msaidizi mmoja, kijana au binti, mwenye ufunguo wa pili. Kama tungalikuwa na ufunguo wa pili Jumamosi ile, nisingaliandika habari ya mjane.

Mshahara je? Wengine wanataka kumlipa kapita kwa sehemu ya mauzo peke yake. Wanasema, atafanya bidii. Nimeona matokeo yake: anachuma matunda kabla hayajaiva ili apate feza ya Jumamosi, na dawa akiipiga leo anauza kesho. Dawa ina siku zake za kungoja, zimeandikwa juu ya chupa, na anayekula kabla ya siku hizo anakula sumu. Wengine wanamlipa kwa mboga, kana kwamba mtu anaweza kulipa shule ya watoto kwa tomati. Mimi nasema hivi: apewe mshahara wa kila mwezi usiochelewa, hata kama ni mdogo, na juu yake kitu kidogo kwa kila kilo nzuri iliyopimwa mlangoni. Mmea uliotunzwa vema unaweza kuzaa kilo 4 ama zaidi, basi mimea 300 ni kilo 1,200. Wekeni hesabu hiyo mezani kabla ya kutaja mshahara, mwone kama mauzo yatautosha pamoja na mbegu na dawa. Kama hayatoshi, msimdanganye mtu.

Feza ya soko isipite mikononi mwake. Si kwa kuwa ni mwizi. Mtu mmoja akitunza mimea, akipima, akiuza na kuandika, siku hesabu ikikosekana hana shahidi wa kumtetea. Kapita apime, mwingine auze, wa tatu aandike. Katika kaye ya kapita yaandikwe machache tu: joto la asubuhi na la saa sita, bidoni za maji, kilo zilizotoka, jina la dawa na siku ilipopigwa. Mtu asiyejua kuandika anaweza kusoma kipima joto na kumwambia msaidizi aandike. Tuliogopa bure.

Na mapatano yawe karatasi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inaruhusu muda wa kumjaribu mtu: kwa mfanyakazi asiye na ufundi usipite mwezi mmoja, kwa wengine usipite miezi sita. Muda huo uandikwe katika karatasi, maana bila kuandika hamna kujaribu. Sisi safari ya pili tuliandika miezi mitatu, kwa kuwa tangu kuhamisha miche mpaka matunda ya kwanza ni kama siku 60 hadi 80, na mtu anajulikana siku ya kuchuma.

Tulikwenda kwa yule mama bondeni. Nilitangulia mimi kusema, maana kosa lilikuwa langu. Nikapiga magoti kidogo kama desturi, nikasema, «Mama, tulikosa.» Akaendelea kung'oa magugu yake. Kisha akauliza, «Kisima mmekichimba?» Nikajibu, «Eyo, mama, tumeongeza mita mbili.» Akauliza tena, «Na Jumapili, nani anafungua plastiki nikiwa kanisani?» Nikamwambia kuna binti mmoja mwenye ufunguo wa pili. Akasimama, akanawa mikono, akasema atakuja kuutazama udongo kwanza, ya mshahara tutaongea baadaye.