Kwale Si Ndege Mmoja: Jina na Hali ya Ndege wa Vichakani

Katika toleo hili tunapenda kulitazama neno moja ambalo wanafunzi wetu wa Burundi hulipokea bila taabu: kwale. Mwanafunzi anayetoka Giteranyi, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga karibu na mpaka wa Tanzania, anamjua ndege huyu kwa Kirundi kuwa ni inkware. Ukiondoa irabu ya mwanzo, na ukikumbuka kuwa l ya Kiswahili mara nyingi huwa r katika Kirundi (kulima na kurima, kulala na kurara), maneno hayo mawili ni neno moja. Vivyo hivyo kanga na inkanga.

Ugumu unakuja tunapouliza ni kwale yupi. Jina hili limebeba ndege wengi wa jamii ya kuku, wanaokaa ardhini, wakapenda kukimbia kuliko kuruka, na ambao sauti zao husikika sana alfajiri na jioni. Kwale wa kawaida katika mashamba na vichaka vya Burundi ni yule mwenye koo jekundu lisilo na manyoya na miguu myekundu, Pternistis afer kwa jina la kitaalamu. Kamusi za Kiswahili zina neno la kwale mwenye miguu myekundu: kereng'ende. Kwa bahati mbaya neno hilohilo ni jina la mdudu arukaye juu ya maji, na wanafunzi wengi wanamjua mdudu tu.

Kwa mujibu wa Orodha Nyekundu ya shirika la IUCN, ndege huyu yumo katika daraja la chini kabisa la hatari, pamoja na kanga wa kawaida. Hata hivyo, ifahamike kwamba daraja hilo hupimwa kwa eneo lote analoishi ndege, na huyu anaenea katika nchi nyingi za Afrika. Halisemi lolote juu ya kilima kimoja cha Muyinga. Burundi ni miongoni mwa nchi zenye msongamano mkubwa wa watu barani, na kichaka kikishalimwa chote, kwale hana pa kujificha. Hutaga chini, penye nyasi. Moto ukipita wakati wa mayai hakuna kinachosalia. Tusisahau mitego, kwani nyama yake ni tamu! Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980 na ambayo sehemu yake imo Muyinga, ni kimbilio muhimu kwa ndege wa namna hii.

Sasa tulinganishe na kwale mwingine. Mwaka 1991, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, watafiti kutoka Denmark waliona ndani ya sufuria ya mchuzi miguu ya ndege wasiyemfahamu. Alipochunguzwa, akaonekana kuwa na undugu wa karibu na kwale wa misitu ya Asia kuliko wale wa Afrika, na mwaka 1994 akatangazwa rasmi kwa jina Xenoperdix udzungwensis. Huyu yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani, maana misitu anayoishi ni michache. Naye kwa Kiswahili chetu ni kwale tu. Mwalimu anayeandika ubaoni "kwale hayumo hatarini" amesema kweli kwa mmoja na uongo kwa mwenzake.

Kenya nako jina limehama. Mwaka 2013 watu wengi walikimbilia kufuga "kware" kwa ajili ya mayai, wakitakiwa kuwa na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Bei ikapanda, kisha ikaanguka mwaka 2014. Ndege hao walikuwa wadogo mno kuwa kwale. Jina lao katika kamusi ni tombo, nasi tunaendelea kulifundisha, ingawa sokoni limeshashindwa.