Kutu Haisemi Umri wa Kifungo

Kifungo cha shaba kikiibuliwa shambani Uingereza na mashine ya kusaka vyuma, wengi hukisia umri wake kwa ile kutu ya kijani. Kutu ni shahidi mwongo: udongo wenye mbolea ya chumvichumvi hukila kifungo cha juzi kikaonekana cha kale. Afadhali kutazama taji lililochorwa juu ya kifungo. Kwenye vifungo vya kijeshi vya wafalme wa 1901 hadi 1952, matao yake yamepanda mviringo. Ya Malkia Elizabeth II, aliyewafuata, yamebonyea katikati, kama kitanda cha kamba kilicholegea. Utasema koti hurithiwa, likavaliwa miaka mingi. Kweli, lakini hilo hulegeza tarehe ya kupotea tu. Kifungo cha Elizabeth hakikudondoka katika vita vya 1914.