SIKIO HALINA SPEA!
Chagua hedifoni na amplifaya kwa akili

Kijana mwenzetu wa Mkolani, unapenda muziki, lakini nyumbani hakuna utulivu. Jirani kafungulia redio, mashine ya kusaga inanguruma, mvua nayo inapiga bati. Unaamua kununua hedifoni. Safi! Ila kabla hujaenda mjini Makoroboi kutoa pesa yako, soma hapa kwanza.

Sauti inaumizaje sikio?

Ndani kabisa ya kila sikio kuna seli ndogo zenye vinywele, zipatazo 15,000. Hizo ndizo zinazopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Sauti kubwa ya muda mrefu inazichosha, mwishowe inaziua. Zikifa hazioti tena. Na ubaya wake, wakati zinakufa wewe husikii maumivu yoyote.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama unakatwa nusu. Ukifika desibeli 90, unabakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima!

Hedifoni ipi?

Wengi wetu tunapandisha sauti ili kuishinda kelele ya nje. Basi dawa ni hedifoni inayoizuia hiyo kelele: ile inayofunika sikio lote na iliyozibwa kwa nje. Zenye matundu kwa nje zinapendeza chumba kikiwa kimya, lakini kelele zote zinapenya.

Ukiwa dukani, ivae kwanza bila muziki. Je, kelele za mtaani zimepungua? Sasa weka wimbo unaoujua vizuri, kwa sauti ya chini. Kama besi na maneno vinasikika, hiyo inafaa. Usiivue haraka, kaa nayo kama dakika kumi uone haikubani.

Amplifaya je, ni lazima?

Wengi hawaihitaji. Soma kwenye boksi ukinzani wa hedifoni, unaoandikwa kwa omu. Zenye omu 16 hadi 32 kwa kawaida simu au redio inaziendesha bila shida. Zenye omu 250 au 300 ndizo mara nyingi zinazohitaji amplifaya.

Kazi ya amplifaya ni kuipa hedifoni nguvu ya kutosha ili muziki utoke safi. Si ya kukupasua masikio! Ukiichomekea hedifoni nyepesi, kuzungusha kitufe kidogo tu kunaweza kukuvusha mpaka wa usalama. Kwa hiyo rudisha kitufe hadi mwisho wa chini kabla ya kuvaa, ndipo upandishe polepole.

Kumbuka:

1. Kwenye simu, usizidi asilimia 60 ya sauti.
2. Pumzisha masikio kila baada ya saa moja.
3. Kelele ya nje ikizidi, usishindane nayo. Subiri ipungue.
4. Futa hedifoni mara kwa mara, hasa kama mnaazimana.
5. Ukisikia mvumo masikioni usiokwisha, au ukiwaomba watu warudie maneno kila mara, usione aibu. Nenda kituo cha afya upimwe. Ukihitaji daktari bingwa, unaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando.

Hedifoni ikifa utanunua nyingine. Sikio je, utalinunua wapi?