Baba Mtakatifu Amekufa, Baba Mtakatifu Mpya Amefika

Mzee wa ukoo akifa, watoto wake hulia. Watu hukaa matanga. Jirani huleta kuni, maji na unga. Lakini nyumba haiwezi kukaa siku zote bila mkubwa. Matanga yakiisha, wazee hukutana na kumweka mwingine mahali pake. Je, wazee hao wamemsahau aliyekufa? Hapana. Wanailinda kazi yake isipotee. Katika Kanisa Katoliki mambo ni vile vile. Tazameni yaliyotokea mwaka 2025.

Papa Fransisko na watu wa Kongo

Papa Fransisko alizaliwa Buenos Aires, katika nchi ya Argentina, mwaka 1936. Jina lake lilikuwa Jorge Mario Bergoglio. Alichaguliwa kuwa Papa tarehe 13 mwezi wa tatu 2013. Ndiye Papa wa kwanza aliyetoka bara la Amerika. Hakutaka kukaa katika jumba la Mapapa. Alikaa katika nyumba ya wageni ya Vatikano, akala chakula pamoja na wengine.

Watu wa Kongo walimwona kwa macho yao. Alifika Kinshasa tarehe 31 mwezi wa kwanza 2023, akakaa mpaka tarehe 3 mwezi wa pili. Goti lilikuwa linamwuma, akasukumwa katika kiti cha magurudumu. Alitamani kufika Goma pia, lakini vita vilizuia safari hiyo. Basi watu wa mashariki walimwendea yeye. Walitoka Bunia, Butembo, Goma, Bukavu na Uvira. Walimsimulia mabaya waliyotendewa, wakaweka panga na visu chini ya msalaba. Papa aliwasikiliza wote. Aliwaambia pia wakubwa wa dunia waondoe mikono yao juu ya Kongo na juu ya Afrika. Misa yake katika uwanja wa Ndolo ilikusanya watu zaidi ya milioni moja.

Tarehe 2 aliwafundisha vijana kwa vidole vya mkono. Gumba ni sala. Kidole cha pili ni umoja na wenzako. Kidole cha kati, kinachowapita wenzake kwa urefu, ni unyofu. Cha nne ni msamaha. Cha mwisho, kidogo kabisa, ni kuwatumikia wengine. Alipofika kwenye unyofu aliwatajia kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui. Kijana huyu alikuwa na kazi ya kupima bidhaa zinazopita mpakani. Watu walimpa fedha ili aruhusu chakula kilichooza kiuzwe. Alikataa, maana chakula kile kingewaua watu. Mwezi wa saba 2007 walimkamata, wakamwua. Alikuwa na miaka 26 tu.

Siku za kilio

Siku ya Pasaka, tarehe 20 mwezi wa nne 2025, Papa Fransisko alitoka kuwabariki watu. Alikuwa mgonjwa, na sauti yake ilikuwa dhaifu sana. Kesho yake, saa moja na nusu ya asubuhi, alikufa. Alikuwa na miaka 88.

Wahenga walisema: Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Ndivyo ilivyokuwa. Watu wapatao 250,000 walipanga mistari Roma, mchana na usiku, wapate kumwaga. Kengele zililia katika parokia za nchi nyingi. Huko Goma watu walikuwa na huzuni juu ya huzuni, maana mwanzoni mwa mwaka ule mji wao ulitekwa na wapiganaji wa M23. Sasa yule mzee aliyeisikiliza taabu yao hakuwapo tena.

Alizikwa tarehe 26, katika kanisa kuu la Bikira Maria liitwalo Santa Maria Maggiore. Mlangoni kundi la maskini lilimngoja, kila mtu na ua jeupe mkononi. Katika wosia wake aliomba kaburi lichimbwe ardhini, lisipambwe, liandikwe jina moja tu: Franciscus.

Kulia hivyo si kukosa imani. Yezu mwenyewe alimlilia rafiki yake Lazaro.

Jinsi Papa mpya anavyopatikana

Papa akifa, kiti chake hakirithiwi na mtoto wala ndugu. Kardinali mmoja, aitwaye Kamerlengo, hutunza nyumba kwa muda, lakini hana ruhusa ya kugeuza sheria. Pete ya Papa aliyekufa na mhuri wake huharibiwa, mtu asiweze kuandika barua za uwongo kwa jina lake. Kwa siku tisa Misa huadhimishwa kwa ajili yake. Hayo ndiyo matanga ya Kanisa.

Halafu makardinali wasiofika miaka 80 huingia katika kikanisa cha Sistina. Mkutano huo huitwa konklave. Neno hili limetoka Kilatini, na maana yake ni "pamoja na ufunguo", kwa sababu milango hufungwa. Hakuna simu, hakuna barua, hakuna gazeti. Mwaka 2025 waliingia makardinali 133, tarehe 7 mwezi wa tano. Kati yao alikuwa Fridolin Ambongo, Askofu Mkuu wa Kinshasa. Kila mmoja huandika jina kwenye karatasi, naye anayepata theluthi mbili ya kura ndiye Papa. Safari hii zilitakiwa kura 89. Karatasi huchomwa. Moshi mweusi maana yake: bado. Moshi mweupe maana yake: tumempata.

Mara mbili moshi haukuwa mweupe. Tarehe 8, baada ya saa kumi na mbili ya jioni, moshi mweupe ulipanda, na watu wakapiga kelele za furaha. Papa mpya alikuwa Robert Prevost, mzaliwa wa Chicago, Marekani. Alikuwa mmisionari miaka mingi nchini Peru, tena askofu wa Chiclayo. Akachagua jina la Leo XIV. Salamu yake ya kwanza ilikuwa ya amani. Kisha aliwakumbusha watu ile sauti dhaifu ya Papa Fransisko iliyowabariki siku ya Pasaka. Siku mbili baadaye alikwenda kaburini kwake kusali.

Kazi ni moja

Mwezi wa kumi na moja 2024, Papa Fransisko alikubali kwamba Floribert aliuawa kwa ajili ya imani. Lakini hakuiona sikukuu yake. Tarehe 15 mwezi wa sita 2025 Floribert alitangazwa Mwenyeheri huko Roma, katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Kesho yake Papa Leo aliwapokea wasafiri waliokuja kwa ajili yake, pamoja na mama ya Floribert, akawatakia watu wa Kivu na Kongo yote amani. Mmoja alipanda, mwingine akavuna. Shamba ni lile lile.

Kwa hiyo mkristu asiogope kulia, wala asione haya kufurahi. Kumpokea mpya si kumtupa wa zamani. Tena asimwambie mpya kila siku: "Yule wa kwanza hakufanya hivi." Papa Leo si kivuli cha Papa Fransisko. Kila mchungaji ana sauti yake na mwendo wake. Anayempenda kweli aliyekufa amwombee pumziko, kisha amsaidie kwa sala yule aliyeachiwa mzigo.

Maulizo

1. Kwa nini pete ya Papa aliyekufa huharibiwa?
2. Neno "konklave" lina maana gani?
3. Floribert alikataa nini, na kwa sababu gani?
4. Taja kazi moja iliyoanzwa na Papa Fransisko na kumalizika wakati wa Papa Leo.