Jinsi Kamera ya Simu Inavyofanya Kazi na Namna ya Kupata Picha Safi

Kwa wakazi wengi wa Thika na Ruiru, simu ndiyo kamera pekee nyumbani. Mkulima hupiga picha ya jani lenye ugonjwa na kumtumia afisa wa kilimo, mfanyabiashara huonyesha bidhaa zake mtandaoni, na mwombaji wa huduma hupakia nakala ya cheti kwenye mfumo wa eCitizen. Picha ikiwa na ukungu, afisa hawezi kutambua ugonjwa, mnunuzi hupita, na ombi linaweza kurudishwa.

Mwanga na megapikseli

Mwanga hupita kwenye lenzi na kuangukia kihisi, kipande kidogo chenye mamilioni ya vijisehemu vinavyoitwa pikseli. Pikseli milioni moja ni megapikseli moja. Simu ya Sharp J-SH04, iliyouzwa Japani mwaka 2000, ilikuwa na pikseli 110,000 hivi. Leo simu nyingi za bei ya kadri hutangazwa kuwa na megapikseli 50.

Hata hivyo, idadi pekee haitoshi. Pikseli nyingi zikisongamana kwenye kihisi kidogo, kila moja hupata mwanga kidogo. Ndiyo maana simu nyingi huunganisha pikseli nne kuwa moja: kihisi cha megapikseli 48 hutoa picha ya megapikseli 12 iliyo safi zaidi gizani. Anayenunua simu ajaribu kupiga picha penye kivuli dukani, kisha aikuze na kuikagua.

Kazi ya programu

Simu ya kisasa mara nyingi hupiga picha kadhaa kwa mfululizo, nyingine nyeusi na nyingine angavu, kisha huziunganisha. Hivyo uso wa mtu na anga nyuma yake vyote huonekana. Usiku hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo ni lazima simu itulie.

Kwa miaka mingi kamera zilirekebishwa kwa kufuata ngozi nyeupe, na nyuso nyeusi zikatoka bila sura kamili. Baadhi ya watengenezaji wameanza kurekebisha kasoro hiyo. Google ilizindua mfumo wake wa Real Tone mwaka 2021.

Programu pia ina mipaka. Kuvuta picha kwa vidole bila lenzi maalumu hukata na kupanua tu sehemu ya picha. Vichujio vya urembo navyo hubadilisha rangi na kufuta madoa, jambo linaloweza kuficha dalili za ugonjwa.

Mfano wa kahawa

Kutu ya majani huonekana kama unga wa rangi ya chungwa upande wa chini wa jani. Chulebuni huacha madoa meusi yaliyobonyea kwenye buni mbichi. Ruiru 11, aina iliyotolewa mwaka 1985 na watafiti wa kahawa walioko Ruiru, hustahimili magonjwa yote mawili, lakini aina za zamani kama SL28 hushambuliwa kwa urahisi. Picha ya upande wa juu wa jani peke yake haimsaidii afisa.

Mkulima afanye hivi:

- Afute lenzi kwa kitambaa laini na kikavu.
- Apige picha asubuhi au kwenye kivuli chepesi, bila flashi.
- Asogee karibu badala ya kuvuta picha, kisha aguse skrini palipo na doa ili kamera ilenge hapo.
- Atume picha za mti mzima, jani pande zote mbili, na buni.

Kwa vyeti, karatasi ilazwe mezani karibu na dirisha, simu iwe juu yake sambamba, na pembe zote nne zionekane.

Heshima kwa wengine

Picha ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha pia inaweza kubeba taarifa za mahali ilipopigwa. Mkazi asiyetaka nyumba yake ijulikane azime utambuzi wa mahali katika mipangilio ya kamera kabla ya kupiga picha.