Vyuma vya Pedali ya Mafuta katika Land Rover za Zamani

Katika vijiji vya Ugogo na Urangi zipo hata leo Land Rover zilizoundwa kabla ya mwaka 1985, nazo zingali zachukua wagonjwa, magunia ya mahindi, na mara nyingine maharusi. Gari la jina hilo lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na uzuri wake kwetu sisi wa bara ni kuwa fundi wa kijijini aweza kulifungua kwa spana chache tu. Lakini urahisi huo huwazoeza wenye magari kuvumilia kasoro ndogo. Leo twapenda kueleza mojawapo, nayo ni kunata au kulegea kwa vyuma viunganishavyo pedali ya mafuta na kabureta.

Tulipata kusafiri katika gari moja kutoka Kondoa kwenda Babati. Tulipofika mteremko wa Bereko dereva aliondoa mguu katika pedali, lakini injini haikupunguza sauti hata kidogo. Bahati yetu alikuwa mtu mtulivu: alikanyaga klachi, akazima injini kwa ufunguo bila kuuchomoa, akakanyaga breki mara moja kwa nguvu, gari likasimama kando ya njia. Mama mmoja alishuka akakataa kabisa kupanda tena, wala hatukumlaumu. Boneti ilipoinuliwa tuliona kwamba springi ya kurudishia ilikatika zamani, na mahali pake pamefungwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi. Mpira huo, kwa joto la injini, ulikuwa umelegea kama ulimi wa kiatu.

Yafaa kwanza msomaji ajue vyuma hivi hufanya kazi gani. Ndani ya kabureta kuna kilango cha duara kilichoshikwa na kijiti chembamba. Dereva akikanyaga pedali, fimbo za chuma huvuta mkono ulio ubavuni mwa kabureta, kilango hufunguka, hewa nyingi huingia pamoja na petroli, na injini hupata nguvu. Akiondoa mguu, springi hukifunga. Fimbo zenyewe zimeungana kwa vifundo, kila kimoja kikiwa na kirungu kidogo kilichokaa ndani ya kikombe. Katika injini ya dizeli hapana kabureta. Mkono ulio kwenye pampu ya mafuta ndio uvutwao, na katika nyingi za zamani kufunga ufunguo hakutoshi kuizima, bali sharti kuvuta kishikio cha kuzimia. Dereva wa dizeli na ajue mahali pa kishikio hicho kabla ya kuondoka nyumbani.

Adui wa vifundo hivi ni vumbi. Watu wa Kongwa wanakumbuka habari za shamba la karanga lililoanzwa mwaka 1947, jinsi udongo wake wenye changarawe ulivyokula majembe ya trekta. Udongo uliokula jembe hauwezi kushindwa na kirungu kidogo kama punje ya mahindi. Tena wengine huvipaka grisi nzito wakidhani wanavilinda, kumbe grisi hushika vumbi, na vumbi lenye grisi husaga chuma kama msasa. Visafishwe kwa brashi na mafuta ya taa, vikauke, kisha vitiwe tone moja la mafuta mepesi na kupanguswa.

Kabla ya kugusa chochote, injini iwe baridi na imezimwa, na magurudumu yawekewe mawe. Kisha itafutwe kasoro ilipo. Toa fimbo ile ya mwisho kwenye mkono wa kabureta, ukausukume mkono huo kwa kidole. Ukienda na kurudi kwa wepesi, kabureta ni nzima na kasoro imo katika fimbo, springi au pedali. Ukinata, kasoro imo katika kabureta yenyewe, na kurefusha au kufupisha fimbo hakutaiponya. Kijiti kikiwa kimelika hata kinacheza tundu lake, hewa hupenya pembeni na injini hutetemeka ikiwa haina mzigo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kukereza.

Fimbo ikiwa bado imetolewa, hakikisha kwamba skrubu ya kituo imekiacha kilango wazi kidogo tu, kiasi cha kuifanya injini izunguke taratibu. Ndipo urekebishe urefu wa fimbo: legeza nati ya kukazia, zungusha kikombe mzunguko mmoja mmoja, hata kikae juu ya kirungu bila kuvuta wala kusukuma mkono. Kaza nati. Watu wengi hufanya kinyume: fimbo ikiwa na kasoro, huongeza skrubu ili injini isizimike, na baadaye hushangaa petroli yaisha upesi na gari halitaki kupunguza mwendo mteremkoni.

Sasa mtu mmoja akanyage pedali mpaka mwisho, na mwingine atazame ndani ya kabureta baada ya kutoa bomba la hewa. Kilango kisimame wima kabisa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa wepesi wa hewa injini hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Kilango kisichofunguka chote huongeza hasara hiyo, na dereva hulaumu injini bure.

Lipo jambo moja ambalo mafundi husahau. Pedali imeshikwa na bodi, lakini injini imekaa juu ya mipira. Mipira ikipasuka, injini huyumba na kuvuta fimbo yenyewe, na gari huruka mbele katika njia ya makorongo bila mguu kuongeza kitu. Washa injini, breki ya mkono ikiwa imevutwa na gia imetolewa, ukaitazame inavyotikisika mwenzako akikanyaga na kuachia. Ikiruka sana, badili mipira kwanza, kisha upime fimbo upya.