Buibui wa chokoleti: Mapambo ni ya watoto, moto ni wa mzazi

Kila ufikapo mwisho wa mwezi wa Oktoba, watoto wengi wa mijini huanza kuwauliza wazazi wao habari za Halloween. Wameiona katika filamu, wameisikia kwa wenzao shuleni, na wangependa nao wale vyakula vya kutisha: buibui, vizuka na mafuvu yaliyotengenezwa kwa chokoleti.

Sherehe hii si ya kwetu. Asili yake ni Ireland na Scotland, na huadhimishwa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote. Wahamiaji wa kutoka huko waliipeleka Marekani katika karne ya 19, nako ikageuka kuwa siku ya watoto kuvaa mavazi ya kuogofya na kukusanya peremende. Kama familia yako itaiadhimisha au la, huo ni uamuzi wenu wa nyumbani. Lakini ombi la mtoto la kupika pamoja na mzazi wake ni jambo jema, na buibui wa chokoleti anaweza kuandaliwa siku yoyote ya likizo.

Nikiwa daktari, sina ugomvi na chokoleti. Ninachohofia ni mambo mawili ambayo wazazi wengi hawayafikirii wakati wanapoihofia sukari: sufuria ya moto na vitu vidogo vya mviringo vinavyotumiwa kupamba. Sukari nyingi humdhuru mtoto polepole. Sufuria na peremende ya mviringo zaweza kumdhuru kwa dakika moja. Mambo hayo mawili yakidhibitiwa, kazi iliyobaki ni furaha tupu.

Hapa chini nimeeleza kitindamlo rahisi cha watu sita, kisicho na yai bichi, kisichohitaji tanuri, na ambacho sehemu yake kubwa yaweza kufanywa na watoto.

Mahitaji

Maziwa nusu lita. Kakao vijiko 3 vya mezani. Wanga mweupe wa mahindi vijiko 3 vya mezani (si unga wa ugali). Sukari vijiko 3 vya mezani vilivyosawazishwa. Chumvi kidogo sana. Biskuti 6 za kawaida. Chokoleti nyeusi gramu 50. Yogati isiyo na sukari vijiko 3. Ndizi mbivu 3. Na limau moja.

Jinsi ya kutayarisha

1. Changanya kakao, wanga, sukari na chumvi ndani ya sufuria baridi. Mimina maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga hadi madonge yaishe. Hatua hii ni ya mtoto, kwa kuwa moto bado haujawashwa.

2. Mzazi aweke sufuria kwenye moto wa wastani na akoroge bila kuacha. Mchanganyiko ukianza kutokota na kuwa mzito kama uji, uache utokote kwa dakika moja zaidi, kisha epua. Usikatize hatua hii. Wanga usioiva huacha ladha ya unga, na maziwa yasiyochemka yanaweza kubeba vijidudu vya kuharisha na vya homa, hasa yale yanayouzwa mitaani bila kutiwa joto la kuua vijidudu.

3. Wacha upoe dakika kumi, halafu mzazi agawe katika vikombe au bakuli sita.

4. Watoto waponde biskuti ndani ya kitambaa safi kwa mwiko. Huo ndio udongo. Waunyunyize kando kando ya kila kikombe, katikati pabaki wazi.

5. Mchanganyiko ukiwa vuguvugu na bado laini, mtoto achore duara mbili au tatu za yogati juu yake kwa ncha ya kijiko. Kisha avute kijiti cha meno kutoka katikati hadi ukingoni, mara sita au nane. Yogati itafuata kijiti na utando wa buibui utatokea. Vijiti vyote vikusanywe na kuhesabiwa kabla ya chakula kupelekwa mezani.

6. Katakata chokoleti vipande vidogo, uiweke katika bakuli kavu la bati, na bakuli hilo ulitie ndani ya beseni la maji ya moto ambayo mkono wako wa mtu mzima waweza kuyavumilia. Koroga hadi iyeyuke. Maji yakipoa, badilisha. Tone la maji lisiingie, kwani chokoleti itagandamana.

7. Juu ya karatasi ya kuokea, mtoto aangushe tone la chokoleti lenye ukubwa wa sarafu, kisha achore miguu kwa kijiti. Mkumbushe kwamba buibui ana miguu minane, si sita kama mdudu. Weka ndani ya friji hadi wagande, kisha mpandishe kila buibui juu ya utando wake.

8. Kata kila ndizi vipande viwili, upake maji ya limau ili isigeuke nyeusi, na uisimamishe kwenye udongo ncha ikiwa juu. Matone mawili ya chokoleti yatakuwa macho. Hicho ndicho kizuka chako.

Kitindamlo hiki kiliwe siku hiyo hiyo. Kama hakijaliwa, kisikae nje ya friji kwa zaidi ya saa mbili.

Kwa nini usichemshe chokoleti

Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 34 za Selsiasi, yaani chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu. Ndiyo maana chokoleti huyeyuka mdomoni bila kutafunwa. Kwa hivyo hakuna haja ya kuiweka juu ya moto unaowaka wala juu ya maji yanayotokota. Maji ya moto ya kiasi yanatosha, na mtoto wa miaka minane anaweza kuikoroga mwenyewe mezani akiwa na mzazi karibu.

Mchanganyiko wa maziwa na wanga ni habari nyingine. Huo hufikia karibu nyuzi 100, na kwa sababu ni mzito hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza hata baada ya kumwagika. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, hivyo huungua upesi na kwa kina zaidi.

Sufuria zetu nyingi hazina mpini. Huinuliwa kwa kitambaa, na hupinduka kwa urahisi. Tumia jiko la nyuma ikiwa gesi yako ina majiko zaidi ya moja. Ikiwa unatumia jiko la mkaa au mtungi mdogo wa gesi sakafuni, watoto wakae chumba kingine hadi sufuria iepuliwe na iwekwe mahali pa juu. Usiweke sufuria ya moto juu ya kitambaa cha meza kinachoning'inia, kwa sababu mtoto mdogo atakivuta.

Kugawa kazi kwa umri

Mtoto wa miaka miwili hadi minne anaweza kuponda biskuti na kumenya ndizi. Wa miaka mitano hadi saba anaweza kupima, kukoroga kabla ya moto na kuchora utando. Wa miaka minane hadi kumi anaweza kuyeyusha chokoleti kwa maji ya moto na kukata ndizi kwa kisu cha kupakia siagi. Aliyetimiza miaka kumi na mmoja anaweza kukoroga jikoni mzazi akiwa amesimama kando yake, wala si akiwa kwenye simu. Wote wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kuanza.

Mapambo ya kuepuka

Katika picha nyingi za vyakula vya Halloween utaona macho ya peremende, zabibu nzima zilizogeuzwa mboni, na karanga. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, vitu hivi ni hatari. Ni vidogo, ni vigumu au vinateleza, na umbo lake la mviringo huziba koo kabisa. Mtoto wa umri huo hana magego ya kutosha ya kusaga, na mara nyingi hula huku akicheka au kukimbia. Ndiyo sababu katika maelezo yangu macho ni matone ya chokoleti iliyoyeyuka na kizuka ni ndizi laini. Kwa mdogo kabisa, ikate hiyo ndizi vipande vidogo.

Watoto wote wale wakiwa wameketi.

Aidha, wengine hutumia barafu kavu ili kinywaji kitoe moshi. Hiyo si barafu ya maji, ni hewa ya kaboni iliyogandishwa kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri. Huunguza ngozi inapoguswa, na ikimezwa hujeruhi koo na tumbo. Haina nafasi katika karamu ya watoto.

Ikiwa umealika watoto wa majirani, waulize wazazi wao mapema kama yupo anayedhuriwa na maziwa, ngano au karanga. Chokoleti nyingi hutengenezwa kwenye mitambo inayopitisha karanga pia, kwa hivyo soma maandishi ya pakiti. Mtoto akivimba midomo, akatokwa na vipele mwili mzima au akaanza kupumua kwa shida baada ya kula, mkimbize hospitalini bila kungoja.

Vipi kuhusu sukari?

Ukijumlisha sukari ya sufuria, ya biskuti na ya chokoleti, kila kikombe kina takriban gramu 13, yaani vijiko vitatu hivi vya chai. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kawaida ya kola huwa na zaidi ya gramu 30. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu zote za chakula cha siku. Kikombe kimoja kinaweza kuingia katika kipimo hicho, mradi hakifuatwi na soda na keki. Siku hiyo wape watoto maji ya kunywa.

Wazazi wengi huamini kwamba sukari huwafanya watoto wawe watukutu. Mwaka 1995, watafiti walichapisha katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, uchambuzi wa majaribio mengi juu ya jambo hili. Hawakupata kwamba sukari hubadilisha tabia ya watoto. Mara nyingi kinachowachangamsha ni karamu yenyewe.

Madhara ya sukari yako kwenye meno na uzito. Vijidudu vya mdomoni huigeuza sukari kuwa asidi inayokula meno, na kila mtoto anapoonja tena, shambulio huanza upya. Kwa hiyo ni afadhali ale kikombe chake chote baada ya chakula cha mchana kuliko kukidonoa hadi jioni. Usiku apige mswaki kwa dawa ya meno yenye floridi.

Na kama una mbwa, sufuria asilambe yeye. Kakao ina teobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole sana na inaweza kumuua.

Ajali ikitokea

Mtoto akiungua, mwondoe kwenye moto na umvue nguo na bangili zilizo karibu na jeraha, isipokuwa kilichonata kwenye ngozi. Mwagia sehemu hiyo maji baridi ya mfereji kwa dakika 20 kamili. Kama mfereji hauna maji, tumia jagi na maji safi. Usipake dawa ya meno, unga, yai, asali, siagi wala mafuta, na usiweke barafu. Vitu hivi huhifadhi joto, hutia uchafu au huumiza ngozi zaidi, na humsumbua daktari anayetaka kuona jeraha. Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Nenda hospitalini ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto, limetoa malengelenge, au liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri.

Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe mbele na umpige mara tano katikati ya mabega kwa kiganja. Kitu kisipotoka, na akiwa ametimiza mwaka mmoja, simama nyuma yake, weka ngumi kati ya kitovu na mbavu, na uvute ndani na juu kwa nguvu mara tano. Rudia hatua hizo mbili kwa zamu. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja usibonyeze tumbo. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara tano, kisha mgeuze ubonyeze katikati ya kifua mara tano. Usiingize kidole kooni kukitafuta kitu usichokiona, kwani utakisukuma zaidi. Akizimia, anza kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi huku mwingine akitafuta msaada.

Hatua hizi zisomwe kabla ya siku ya kupika, na kila mtu mzima wa nyumbani, pamoja na yaya, azifahamu. Zikishajulikana, washeni jiko. Watoto wenu watapata buibui wao, nanyi mtawapeleka kulala wakiwa wazima.